Ukifika Sheli, Kata Kushoto: Biashara ya Sauti Inayomwongoza Dereva

Saa mbili usiku, Sinza. Umeita gari kwa simu, ukaliona kwenye ramani likikaribia, kisha likasimama mtaa wa pili na kutulia hukohuko. Simu inaita.

“Haloo dada, habari za jioni. Nimefika, mbona sikuoni?”

“Nzuri kaka. Hapo ulipo siyo. Rudi barabara kubwa, njoo kama unaenda Mori. Utaona duka la dawa lina taa ya kijani. Ukishalipita tu, kata kulia, barabara ya vumbi. Geti jeusi, nipo nje.”

“Duka la dawa, kulia, geti jeusi. Haya, nakuja.”

Simu ya namna hii hupigwa Dar es Salaam usiku kucha, na Nairobi, na Kampala. Kwa kampuni za usafiri wa mtandaoni ni hasara: dakika zinapotea, mafuta yanaungua, na safari nyingine zinafutwa kwa sababu abiria amechoka kusubiri. Kwa dereva ni hatari. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine umeshika simu, na macho yanatafuta duka la dawa gizani huku bodaboda zikimpita kushoto na kulia.

Lakini tazama alivyoelekezwa. Hakutajiwa mita wala jina la mtaa. Alipewa kitu cha kuonekana kwa macho, akaambiwa afanye nini akikipita, akakirudia kwa mdomo ili asikisahau, akafika. Watafiti wamekuwa wakiyatafuta maelekezo ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 30, na sasa kampuni kubwa za ramani zimeanza kuyauza kwa kishindo. Novemba 2025 Google ilitangaza kwamba ramani yake, kwa kuanzia Marekani, itamwambia dereva akate kona baada ya mgahawa fulani au kituo fulani cha mafuta, badala ya kumhesabia umbali peke yake. Ili kufanya hivyo inalinganisha taarifa za maeneo milioni 250 na picha zake za mitaani, na kuchagua yale yanayoonekana vizuri kutoka barabarani.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1989, katika chuo cha MIT huko Marekani, Jim Davis na Chris Schmandt walitengeneza mtambo walioupa jina la Back Seat Driver, yaani yule abiria wa kiti cha nyuma anayemwelekeza dereva njia nzima. Uliongea. Ulimtajia dereva taa za barabarani na vitu vingine vya kuonekana kwa macho, kwa sababu watafiti wale waligundua mapema kwamba mtu anayeendesha hana nafasi ya kusoma ramani. Mwaka 2000 Mwingereza Gary Burnett aliandika kwenye jarida la Journal of Navigation hoja hiyohiyo kwa uzito zaidi: madereva wanapoelekezana wenyewe hutaja taa, vituo vya mafuta na makanisa, na mashine zinazodai kuwasaidia zinapaswa kufanya vivyo hivyo.

Kwa nini basi tumekaa miaka yote hii tukisikia “baada ya mita 300, geuka kushoto”? Jibu ni pesa. Biashara ya ramani za magari ilijengwa juu ya mistari ya barabara, kwa kuwa mstari ukishachorwa unadumu. Barabara ya Morogoro haihami. Mistari hiyo ndiyo iliyofuatwa na Nokia ilipoinunua Navteq kwa dola bilioni 8.1, na ndiyo iliyoifanya TomTom ya Uholanzi ilipe euro bilioni 2.9 kuipata Tele Atlas mwaka 2008. Miaka saba baadaye Audi, BMW na Daimler waliungana kuinunua HERE, mrithi wa Navteq, kwa euro bilioni 2.8. Mashine ya GPS inajua umbali bila kumuuliza mtu, kwa hiyo kutaja mita ni bure. Kutaja duka la dawa si bure: lazima mtu au kamera ifike pale ilione, na irudi tena mwakani kuangalia kama bado lipo.

Navteq ilijaribu mapema miaka ya 2010, ikaanza kuuza maelekezo yanayotaja majengo na mataa, na Garmin ikayaingiza kwenye vifaa vyake. Ila hayakufika kila mahali, kwa kuwa kukagua kila kona kuna gharama.

Kuhusu usalama, hesabu ni nyepesi. Gari likienda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Ukiangalia skrini kwa sekunde mbili umeshaenda mita 28 bila kuona mbele, urefu wa Coaster nne zilizopangwa mstari mmoja. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013 kwa watengenezaji wa magari, iliweka sekunde hizo mbili kuwa ukomo wa kila mtazamo, na kazi nzima ya kwenye kifaa isizidi sekunde 12 za kuondoa macho barabarani. Sasa fikiri: sauti ikisema “mita 300”, wengi wetu hatuwezi kuipima mita 300 kwa macho, kwa hiyo tunairudia skrini kuona kamshale kamefika wapi. Sauti ikisema “ukifika sheli”, macho yanabaki mbele kwa sababu sheli iko mbele. Hapo ndipo thamani yake ilipo, na ndiyo maana sikubali mtu anayeiita huduma hii pambo.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo jambo lilipo na utajiri wake. Miji yetu imejiita kwa alama za mahali. Sisemi alama za barabarani zile za trafiki, nasema vitu. Neno sheli lenyewe lilikuwa jina la kampuni ya Shell, leo ni kituo chochote cha mafuta, na Buguruni Sheli ni kituo cha daladala anachokijua kila konda. Murang'a nchini Kenya kuna mji mzima unaoitwa Kenol, uliopata jina kutoka kituo cha mafuta. Hatukusubiri teknolojia ituambie namna ya kuelekezana.

Ila jina si kitu kinachoonekana, na hapa mashine itaumbuka kama haitafundishwa na mwenyeji. Nenda Tabata Dampo ukalitafute dampo. Lilifungwa miaka ya 1990 baada ya wakazi kwenda mahakamani. Jina limebaki, takataka hazipo. Kampuni ya mafuta ya KenolKobil ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka 2019, nembo zikabadilishwa vituoni, mji wa Kenol ukabaki Kenol. Nairobi watu waliendelea kuelekezana kwa Nakumatt hata baada ya maduka hayo kufungwa. Mwenyeji hapotei, kwa sababu jina analo kichwani. Mgeni aliyeambiwa “ukifika Nakumatt, kata kulia” ataendesha polepole akitafuta bango lisilokuwepo, na nyuma yake kuna lori. Kwa hiyo mwenye biashara hii anahitaji madaftari mawili: moja la majina ya mahali, jingine la vitu vinavyoonekana leo, mchana na usiku. La pili huchakaa haraka, na ndilo ghali.

Kuna jambo la lugha pia ambalo sijaliona likipewa uzito unaostahili. Kiswahili kiliongezwa kwenye Google Maps mwaka 2018, lakini magari mengi ninayopanda Dar es Salaam bado yanaongea Kiingereza, na sauti ile hulitamka jina la Shekilango hata abiria asilitambue. Tatizo si matamshi tu. Sisi huanza na alama, ndipo tuseme tendo: ukifika msikitini, kata kushoto, ukishapita kipilefti, nyoosha, kabla hujafika kwenye tuta, ingia kulia. Sikio linapata kwanza kitu cha kutafuta, jicho linaenda kukitafuta, na amri inaingia wakati dereva yuko tayari. Halafu vitenzi vyetu vinabeba mahali penyewe pa kukatia: “ukifika” ni hapo hapo, “ukishapita” ni baada yake. Tofauti hiyo ya silabi chache ndiyo inayomwokoa mtu asikatie kona ya mwanzo. Programu inayotafsiri maelekezo neno kwa neno kutoka Kiingereza inaitupa faida hiyo yote.

Na uwekezaji? Kwa kampuni ndogo ya usafiri au ya kupeleka mizigo, ramani ni bili ya kila mwezi. Julai 2018 Google ilibadilisha bei za huduma zake kwa watengenezaji wa programu: kupakia ramani mara 1,000 kukawa dola 7, na kuomba njia mara 1,000 kukaanzia dola 5, baada ya punguzo la dola 200 kwa mwezi. Kwa nauli za bajaji hizo hazikuwa hela ndogo. Faida yenyewe ni nyembamba: LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, ilipoibana kamisheni ya kampuni za usafiri wa mtandaoni mwaka 2022, Uber ilisimamisha huduma zake Tanzania mwezi Aprili, ikarudi Januari 2023 baada ya kanuni kulegezwa. Kampuni inayogombania asilimia za kamisheni haitatuma watu mitaani kukagua rangi za mageti.

Lakini sehemu ya kazi imeshafanyika, na imefanywa na watu wetu. Mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwaingiza mitaani wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi, wakachora nyumba, mitaro na vichochoro ili kupambana na mafuriko, na kuviweka kwenye OpenStreetMap ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia. Mwaka 2022, kabla ya sensa, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Mitaa ikapata vibao na nyumba zikapata namba. Vibao hivyo ni msingi mzuri. Havitoshi usiku, na dereva aliye kwenye mwendo hawezi kuisoma namba ya nyumba.

Kinachobaki ni kulihuisha daftari lile la pili, na watu wa kulihuisha wapo barabarani kuanzia alfajiri. Grab ya Kusini Mashariki mwa Asia iliwapa madereva na waendesha pikipiki wake kamera, wakakusanya picha za mitaa walimokuwa wakipita kikazi, na mwaka 2022 ikaanza kuwauzia wengine ramani hiyo. Bodaboda wa Manzese au wa Githurai anajua duka la dawa lililofungwa jana. Kampuni itakayomlipa hata shilingi 200 kwa kila alama aliyoithibitisha, ikazikusanya kwa Kiswahili cha barabarani, itakuwa na mali ambayo picha za mitaani zinazopigwa mara moja kwa miaka kadhaa haziwezi kuishinda. Malipo yawe ya kweli. Maarifa ya mtu ni jasho lake, na kuyachukua bure kwa jina la kuboresha huduma ni dhuluma.

Mahali pamoja tu naomba mamlaka ziwahi. Alama ikitajwa na sauti ndani ya gari inakuwa tangazo, na wenye maduka watataka kuilipia. Waze, ambayo Google iliinunua mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 900, tayari huuza matangazo ya maduka juu ya ramani. Duka likilipia kutajwa ingawa limejificha nyuma ya ukuta, na mti mkubwa uliopo kwenye kona ukaachwa kwa kuwa mti haulipi, dereva atatafuta kisichoonekana. Kanuni iwe moja: alama ichaguliwe kwa kuonekana, kudumu na ukaribu na kona, na pesa isiingie hapo.

Wakati tunasubiri, mkiita gari usiku, andikeni alama kwenye ujumbe kabla dereva hajawasha injini. Chagueni kitu chenye taa, kilicho upande wake wa barabara, na mseme akifika hapo au akishapita. Akipiga akiwa njiani, mwambieni asimame pembeni kwanza.