Mawasiliano ya Mfuatano: Dhana, Kiwango na Istilahi

Vitabu vya maelezo vinavyoandamana na mizani za kielektroniki, printa na mashine za risiti aghalabu huwa na alama iwasumbuayo wafasiri, nayo ni RS-232. Makala haya yanakusudia kueleza dhana iliyomo katika alama hiyo na kupendekeza istilahi zake, kwani afasiriye jambo asilolifahamu humpotosha atakayelitumia.

Tuchukue mfano wa Kiranjeranje, wilayani Kilwa, ambako wakulima huuza ufuta. Tuseme mizani ya kielektroniki imewekwa ghalani, na karani anataka uzito wa kila gunia uingie katika kompyuta bila kunakiliwa kwa mkono. Habari hiyo husafiri kwa biti, yaani tarakimu 0 na 1. Biti zaweza kupita kwa njia mbili. Ghala likiwa na mlango mpana, wachukuzi wanane hupita bega kwa bega; hayo ni mawasiliano sambamba, nayo huhitaji nyaya nyingi. Mlango ukiwa mwembamba, hupita mmoja nyuma ya mwingine. Hapo waya mmoja wa kupelekea na mmoja wa kurejeshea umeme hutosha.

Njia hii ya pili wengine huiita ya mfululizo. Lakini mvua ya mfululizo ni mvua isiyokatika, ilhali biti hizi huweza kutua baina ya herufi moja na nyingine. Lililo la lazima ni kufuatana, wala si kutokukatika. Kwa hiyo tunapendekeza mawasiliano ya mfuatano.

Katika msimbo wa ASCII wa biti 7, tarakimu 8 huandikwa 0111000, na 9 huandikwa 0111001. Tofauti yao ni biti moja tu. Biti hiyo ikiharibika njiani, gunia la kilo 90 laweza kuandikwa kilo 80, na mkulima akapunjwa kilo kumi. Kwa sababu hiyo huongezwa biti ya uhakiki, ili idadi ya tarakimu 1 iwe shufwa daima. Ikifika witiri, mpokeaji hujua kwamba pana kosa. Hata hivyo, biti mbili zikiharibika kwa pamoja, kosa hilo halitagundulika.

Alama RS hapo awali ilimaanisha Kiwango Kilichopendekezwa. Kiwango hicho kilitolewa mwaka 1960 na Chama cha Viwanda vya Elektroniki cha Marekani, na toleo lake mashuhuri, RS-232-C, lilitoka mwaka 1969. Tumechagua neno kiwango, wala si sanifu, kwa kufuata mazoea yaliyokwisha kujengwa na Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Katika kiwango hicho, kwa mpokeaji, volti hasi kati ya 3 na 15 humaanisha 1, na volti chanya za kadiri hiyo humaanisha 0. Mfasiri asidhani kwamba hilo ni kosa la mpigachapa akaligeuza.

Yapo mambo matatu yasiyopaswa kuchanganywa. Plagi ni kile kishikwacho kwa mkono. Kiolesura ni mpaka ambapo vyombo viwili hukutana, pamoja na masharti ya umeme na kazi ya kila waya. Itifaki ni mapatano ya mazungumzo: kasi, idadi ya biti, na namna ya kuhakiki. RS-232 huhusu kiolesura. Haiamui biti ngapi hufanya herufi, wala msimbo utumikao. Ndiyo maana plagi yaweza kuingia barabara na bado kioo kikaonyesha alama zisizosomeka, ikiwa mizani hupeleka biti 9600 kwa sekunde na kompyuta hungojea 2400. Kitabu kisemacho tu "unganisha waya" humwacha karani bila msaada.

Umbali nao una sharti lake. RS-232-C iliweka kikomo cha mita 15 hivi. Ikiwa ofisi i mbali na ghala, hufaa RS-485 ya mwaka 1983, ambayo husoma tofauti ya volti baina ya nyaya mbili. Usumbufu wa umeme huzigusa nyaya zote mbili kwa kadiri moja, hivyo tofauti haibadiliki, na habari huweza kufika mita 1200.

Tangu USB ilipotolewa mwaka 1996, kompyuta nyingi zimeacha kuwa na tundu la RS-232, lakini mizani na mitambo mingi ingali nalo, na huunganishwa kwa kigeuzi. Jina USB lenyewe lina neno la mfuatano ndani yake. Kwa hiyo istilahi hii haitazeeka pamoja na plagi. Wafasiri na walimu wanashauriwa kutumia mfuatano, sambamba, kiwango, kiolesura na itifaki kwa maana zilizoelezwa hapa, bila kubadilishabadilisha. Istilahi moja ikibeba dhana mbili, hasara humwangukia yule aliyeleta gunia lake mizanini.