Moshi Uliobaki Ng'ambo

Kitendawili!

Nawasikia: tega!

Nakivaa mguuni, moshi wake umebaki ng'ambo.

Sigara? Sigara haivaliwi. Treni? Nani amewahi kuvaa treni? Mmeshindwa, basi nipeni mji. Mmenipa Kobe! Msicheke, Kobe huyu hana gamba. Ni mji wa bandari huko Japani. Haya, nimekwenda Kobe, nimekula samaki, nimekunywa chai, nimerudi na jibu: ni kiatu, raba ya kukimbilia.

Kobe ndiko Kihachiro Onitsuka alikoanzisha kampuni yake ya viatu mwaka 1949, vita vikiwa vimeiacha Japani hoi. Mwaka 1961 alimwendea Abebe Bikila wa Ethiopia, yule aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Rome mwaka 1960 akiwa pekupeku, akamshawishi akimbie na viatu vyake. Bikila akavivaa, akashinda mbio za Osaka. Kampuni ile siku hizi inaitwa Asics.

Sasa, miguu mitupu haitoki kiwandani. Raba inatoka huko. Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliichambua raba ya kukimbilia kipande kwa kipande. Wakakuta vipande 65, na hatua zaidi ya 360 za kuvitengeneza na kuviunganisha. Walipojumlisha gesi yote inayotolewa tangu malighafi hadi kiatu kinapotupwa, wakapata kama kilo 14 za hewa ukaa kwa jozi moja.

Kilo 14 za hewa? Ndiyo, wanangu, hewa ina uzito. Ule mtungi mkubwa wa gesi ya kupikia, ambao mtoto hawezi kuunyanyua, gesi iliyomo ndani yake ina uzito unaokaribia huo. Tofauti ni kwamba hewa ukaa haina mtungi. Inapanda angani, inakaa miaka mingi, na inazuia joto la dunia lisitoke.

Wengi hudhani lawama ni ya meli inayoleta viatu. Sivyo. Watafiti walikuta zaidi ya theluthi mbili za gesi hiyo inatoka viwandani. Tazama soli inavyotengenezwa. Plastiki inatiwa ndani ya kalibu, kalibu inapashwa moto hadi plastiki iumuke iwe povu, kisha inapozwa ili soli ishike umbo. Jozi inayofuata nayo hivyo hivyo: moto, baridi, moto, baridi, kutwa nzima. Viwanda vingi vya viatu viko Asia, na katika nchi nyingi za huko umeme mwingi hutokana na makaa ya mawe. Hata kile kinembo cha pembeni, kisichokusaidia kukimbia hata hatua moja, kinakatwa, kinashonwa na kugandishwa kwa nguvu ya umeme huo huo.

Hapa ndipo mambo yanaponoga. Viwanda hivyo kwa kawaida si mali ya kampuni ambayo jina lake liko kwenye kiatu. Kampuni inaagiza, mwingine anashona. Kwa hiyo kampuni ikijisifu kwamba imeweka umeme wa jua ofisini, ni jambo jema, lakini bado haijagusa penye moshi mwingi.

Ahadi ni deni, na deni lazima lijulikane ni kiasi gani na linalipwa lini. Asics imeahidi kwamba ifikapo mwaka 2030 itakuwa imepunguza gesi zake kwa asilimia 63 ikilinganishwa na mwaka 2015, katika majengo yake na kwa wale wanaoitengenezea bidhaa. Mwanzoni ahadi yake kuhusu viwanda vya wengine ilikuwa nyingine: asilimia 55, lakini kwa kila bidhaa.

Mnaona tofauti? Tupige hesabu ya kubuni. Kiwanda kinatengeneza jozi 100, kila jozi kilo 10: jumla kilo 1,000. Kikapunguza hadi kilo 5 kwa jozi, tukapiga makofi. Lakini mauzo yakapanda hadi jozi 300. Jumla sasa ni kilo 1,500! Kila jozi imepungua, anga limeongezewa mzigo. Ndiyo maana ahadi ya kupunguza jumla ni nzito zaidi.

Je, inawezekana? Mwaka 2023 Asics ilitoa raba iliyohesabiwa kilo 1.95 tu kwa jozi. Povu lake limetokana kwa sehemu na muwa, nyuzi zake ni poliesta iliyorejelezwa, vipande vyake vimepunguzwa, na kiwanda kilitumia umeme usiotokana na makaa. Mafundi wanajua njia, basi. Kazi iliyobaki ni kuipitisha njia hiyo kwenye mamilioni ya jozi nyingine.

Kwa hiyo mkisikia kampuni yoyote ikitangaza kwamba inapunguza moshi, msikubali wala msikatae upesi. Ulizeni: mmehesabu na moshi wa viwanda vinavyowashonea? Mnalinganisha na mwaka gani? Mnapunguza kwa kila jozi, au kwa jozi zote? Kampuni inayojibu maswali hayo matatu kwa tarakimu, mwaka 2030 ukifika mtajua kama imelipa deni lake.