Amri Ndani ya Programu na Tatizo la Ritifaa

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu moja ya kompyuta inavyoiagiza programu nyingine kazi, na kuonyesha kwamba kosa la kawaida katika uagizaji huo ni kosa la kiisimu, yaani kuchanganya neno linalotajwa na neno linalotumiwa. Mfano unatolewa Nkubu, katika Imenti Kusini, ambako Kiimenti, lahaja ya Kimeru, husemwa sambamba na Kiswahili.

2. Njia ya amri

Na ichukuliwe kwamba mtafiti amekusanya huko sentensi za lugha hizo mbili, na kila neno analolichunguza amelifungulia faili lenye jina la neno lenyewe. Sasa anaandika programu ya kuhesabu maneno katika kila faili. Hahitaji kubuni upya utaratibu wa kuhesabu, kwani mfumo wa Unix una programu ndogo iitwayo wc ifanyayo kazi hiyo. Programu yake hutunga sentensi ya amri, kama vile wc -w ngoma.txt, na kuikabidhi kwa sheli.

Sheli ni mkalimani. Huikata sentensi penye nafasi, hulichukua neno la kwanza kuwa jina la programu inayoitwa, na yanayofuata huyapeleka kwa programu hiyo. Kazi ikiisha, programu iliyoitwa hurudisha tarakimu: 0 ikiwa imefaulu, nyingine ikiwa imeshindwa.

3. Tatizo la ng'

Sheli ina uakifishaji wake. Nafasi hutenga maneno, nukta-mkato hutenga amri, na ritifaa hufungua na kufunga nukuu. Katika tahajia ya Kiswahili ritifaa ina wadhifa mwingine kabisa: huitofautisha nazali ya kaakaa laini iliyo katika ng'ombe na sauti iliyo katika ngoma.

Programu ikituma wc -w ng'ombe.txt, sheli huona nukuu iliyofunguliwa isifungwe, nayo huikataa amri. Yakitumwa mafaili mawili pamoja, ng'ombe.txt na ng'oa.txt, ritifaa ya pili huifunga nukuu ya kwanza, na majina yote mawili huwa jina moja, "ngombe.txt ngoa.txt", la faili lisilokuwapo. Hata kulizungushia jina ritifaa mbili hakufai, kwa sababu ile ya ndani huifunga nukuu kabla ya wakati wake.

Madhara yake si madogo. Ikiwa programu haikagui tarakimu inayorudishwa, na pasipo jibu huandika sifuri, basi maneno yote yenye ng' yatapata sifuri. Jedwali litaonyesha lugha isiyo na konsonanti hiyo, na msomaji atadhani hayo ni matokeo ya utafiti.

Kuna hatari kubwa zaidi. Jina lenye nukta-mkato, likifuatwa na amri ya kufuta, sheli italitekeleza. Dosari ya sheli ya Bash iliyotangazwa mwaka 2014 ilikuwa ya ukoo huu: maandishi yaliyopaswa kuhifadhiwa tu yalitekelezwa kama amri.

4. Suluhisho

Dawa ni kumwepuka mkalimani pale asipohitajika. Badala ya sentensi moja, programu hutoa orodha ya maneno yaliyokwisha kutengwa: wc, kisha -w, kisha ng'ombe.txt. Orodha hiyo huifikia programu iitwayo bila kupita kwenye sheli, na ritifaa hubaki sehemu ya herufi. Lugha ya Python ilipata moduli ya kazi hii, subprocess, katika toleo la 2.4 la mwaka 2004. Pamoja na hayo, tarakimu ya kurudi sharti ikaguliwe kila mara.

5. Hitimisho

Wanaisimu wamezoea kutenga usemi halisi na usemi wa taarifa. Mtunzi wa programu naye hana budi kutenga anachoamuru na anachokitaja tu. Asipofanya hivyo, alama moja ya tahajia yaweza kuifuta fonimu nzima katika data, na lugha yenyewe ingali inasemwa sokoni Nkubu kila siku.