pH, Ualkali na Klorini: Kuisoma Upya Kemia ya Maji ya Ziwa Nakivale

Makala hii inahoji mazoea ya kuhukumu usalama wa maji ya wakimbizi kwa tarakimu moja tu, yaani klorini iliyobaki kwenye bomba. Mfano wake ni makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini mwa mji wa Mbarara. Hoja yenyewe inahusu pia Oruchinga jirani, popote maji ya juu ya ardhi yanapotibiwa kabla ya kunywewa.

Sehemu ya maji ya Nakivale huvutwa kutoka Ziwa Nakivale. Ziwa hilo lina kina kifupi, na limo katika ardhioevu ya Mburo–Nakivale iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Mto Rwizi, upitao Mbarara mjini, huingiza tope katika mfumo huo, na mwani hustawi katika maziwa yake.

Mwani ndio unaotatiza vipimo. Mchana huvuta kaboni dioksidi kutoka majini kwa usanisinuru, na pH hupanda. Usiku mimea na viumbe hupumua, gesi hiyo hurudi, na pH hushuka. Katika maziwa yenye mwani mwingi pH ya alasiri yaweza kupita 9. Kwa hiyo sampuli ya saa moja asubuhi haiwezi kuyasemea maji yanayovutwa saa nane mchana. Watunzaji wa matangi ya matumbawe hulijua jambo hili vyema: maji yao, yenye pH ya takribani 8.1, huyumba kila siku kwa sababu iyo hiyo, nao hupima ualkali, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, kabla ya kuongeza kemikali yoyote.

Kwa mtambo wa maji, ualkali una kazi ya pili. Shabu inayotiwa ili tope ligandamane na kutuama hula ualkali huo: kila miligramu moja ya shabu hutumia takribani nusu miligramu ya ualkali, ukihesabiwa kama kaboneti ya kalisi. Dozi ya miligramu 50 kwa lita huondoa basi miligramu 25 hivi. Ualkali ukiwa haba, pH huporomoka na mabomba huliwa na kutu. pH ikibaki juu mno, shabu haigandamanishi tope ipasavyo, na tope linalosalia huwakinga vijidudu dhidi ya klorini.

Hapo ndipo tarakimu ya bomba inapopotosha. Klorini iliyo majini hugawanyika kuwa asidi ya haipokloro, ambayo ni muuaji hodari wa vijidudu, na ioni ya haipokloriti, iliyo dhaifu zaidi kwa mbali. Katika pH 7 asidi hiyo ni zaidi ya robo tatu ya klorini huru. Katika pH 8 ni robo tu. Katika pH 8.5 ni kama sehemu moja ya kumi. Kidonge cha kupimia huzihesabu zote mbili pamoja. Mama aliyejaza dumu lake kwa maji yenye miligramu 0.5 kwa lita huenda, kwa hiyo, amebeba kinga pungufu sana kuliko ile iliyoandikwa daftarini, na kipindupindu hakisomi daftari.

Viwango vya Sphere hutaka miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini huru kwa lita mahali pa kuchotea, na ukungu usiozidi NTU 5. Hata hivyo, utafiti wa kambi za Sudan Kusini uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Shirika la Afya Duniani ulionyesha jinsi klorini inavyopungua baada ya maji kuchotwa, na ukapendekeza miligramu 1.0 kwenye bomba. Dozi kubwa pekee, bila kuijua pH, ni kubahatisha kwa gharama zaidi.

Tunawashauri watunga sera wagharimie mambo madogo: pH ipimwe pamoja na klorini, saa ya kupima iandikwe, ualkali upimwe kabla ya kupanga dozi ya shabu, na muda wa maji kukaa na klorini urefushwe pH inapozidi 8. Lugha nayo irekebishwe. Katika Kiswahili cha kila siku, "dawa ya maji" yaweza kuwa shabu au klorini. Safu za daftari la mtambo zinapaswa kutaja kila moja kwa jina lake.