Breki za Gari Kuukuu: Kazi ya Watu Wawili

Sifa za gari hutolewa mara nyingi kwa ajili ya mwendo wake. Watu husema kwamba gari fulani lina nguvu, au kwamba hupanda mlima bila kuhema. Ni wachache wanaolisifu gari kwa jinsi linavyosimama. Hata hivyo, dereva aliyepata kukanyaga breki katika mteremko, na pedali ikazama chini ya mguu wake kana kwamba amekanyaga godoro, anajua kwamba hakuna sifa ya gari iliyo kubwa kuliko hiyo.

Katika nchi ya Uganda jambo hili halina mzaha. Barabara itokayo Kabale kwenda Kisoro hupita Kanaba, mahali ambapo njia huteremka kwa kona kali kando ya bonde. Aliyeketi mbele ya usukani hapo amebeba roho za wote waliomo garini, na roho hizo zinategemea kiasi kidogo cha mafuta kilichofungiwa ndani ya mabomba membamba.

Uchukuliwe mfano wa nyumba ya sajini mmoja mstaafu, ambaye amelitunza kwa miaka mingi gari la Volkswagen la mwaka 1965, lile lenye mgongo kama wa kobe na injini nyuma. Ni Jumamosi asubuhi. Kesho yake familia inatazamia kusafiri kwenda harusini, watoto watatu wakiwa kiti cha nyuma. Sajini amekanyaga breki uani akaiona pedali kuwa laini. Amevua shati, ameleta spana, na amemwita mkewe, kwa sababu kazi iliyo mbele yake haifanywi vizuri na mtu mmoja.

Ili kuielewa kazi hiyo, yafaa kwanza kujua breki hufanyaje kazi. Katika karne ya 17 mtaalamu wa Ufaransa, Blaise Pascal, alieleza kwamba kitu cha majimaji kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, msukumo huo huenea sawasawa pande zote. Kanuni hiyo ndiyo iliyotumiwa katika breki. Mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ya Marekani ilitoa gari la abiria lenye breki za mafuta katika magurudumu yote manne. Dereva akikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta katika mabomba hadi kwenye silinda ndogo iliyomo katika kila gurudumu. Silinda hiyo hutanua viatu vya breki, navyo husugua ngoma ya gurudumu mpaka gari lisimame.

Mafuta hayakubali kubanwa, bali upepo hubanwa kwa urahisi. Upepo kidogo tu ukiingia ndani ya bomba, nguvu ya mguu huishia katika kuubana upepo huo badala ya kusukuma viatu. Hapo ndipo pedali huwa laini.

Maji nayo ni adui wa pili. Mafuta ya breki ya aina ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya kufikia nyuzi 205 za Selsiasi; lakini yakiisha kunyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 140. Katika mteremko mrefu breki hupata moto mkali, mafuta yenye maji huchemka, na mvuke wake hubanwa kama upepo. Kwa hiyo inashauriwa kuyabadili mafuta yote kila baada ya miaka miwili, na kutotumia kopo lililokaa wazi kwa muda mrefu. Tena, mafuta ya injini yasitiwe kabisa katika breki, kwa maana huvimbisha na kuharibu mipira iliyomo ndani ya silinda.

Sajini ameegesha gari mahali tambarare na kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Anapoliinua hategemei jeki peke yake, bali huweka magogo imara chini yake. Kwanza anarekebisha viatu vya breki, kwani viatu vilivyo mbali na ngoma navyo huifanya pedali iende chini. Kisha anafungua boneti ya mbele, anapangusa vumbi kwenye mfuniko wa kikopo cha mafuta, na kukijaza. Anaangalia mafuta yasidondoke juu ya rangi ya gari, maana huibabua.

Chini ya pedali anaweka kibao. Jambo hili hudharauliwa na wengi, nalo ni la maana sana kwa gari kuukuu. Katika matumizi ya kila siku pedali haifiki chini kabisa. Hivyo mwisho wa masta silinda hukusanya kutu na uchafu. Pedali ikigandamizwa mpaka sakafuni, mpira wa ndani hupita juu ya kutu hiyo na kuchanika.

Kazi huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari hilo, ambalo usukani wake uko kulia, huanzwa la nyuma kushoto, halafu la nyuma kulia, kisha la mbele kushoto, na mwisho la mbele kulia. Nyuma ya kila gurudumu iko skrubu ndogo yenye tundu, ya kutolea upepo. Sajini anavisha mpira mwembamba juu yake, na ncha ya pili anaizamisha katika mafuta yaliyomo ndani ya chupa ya kioo.

“Kanyaga, Mama.”

Mkewe anakanyaga polepole. “Nimeshika.”

Sajini anafungua skrubu nusu mzunguko. Mafuta meusi yanatoka pamoja na mapovu. “Imefika kwenye kibao,” anasema mkewe. Sajini anakaza skrubu, ndipo anaposema, “Achia.”

Maneno hayo yana utaratibu wake kama amri za gwaride. Mguu ukiachia kabla skrubu haijakazwa, upepo hurudi ndani na kazi yote huanza upya. Kila baada ya kukanyaga mara tano au sita kikopo huongezwa mafuta, kwa kuwa kikikauka, upepo huingia kutoka juu. Wanaendelea hivyo mpaka mapovu yakome na mafuta safi yatoke, kisha wanahamia gurudumu jingine. Mafuta yaliyotoka hayarudishwi garini. Chupa yake huwekwa mbali na watoto, maana ni sumu.

Saa sita mchana kazi imekwisha. Pedali sasa ni ngumu. Magurudumu yote ni makavu na kikopo kimejaa. Sajini anakusanya spana zake kwa furaha, lakini mkewe hajatoka kwenye kiti.

“Mzee, inashuka.”

“Inashukaje? Si umesema ni ngumu?”

“Nikiikanyaga ni ngumu. Nikiishikilia, inashuka polepole.”

Sajini anatazama tena chini ya gari. Hakuna hata tone. Ni rahisi wakati huo kumwambia mwenzako kwamba amechoka mguu. Lakini sajini anaketi mwenyewe, anakanyaga kwa nguvu moja bila kuiachia, na kuhesabu mpaka 30. Pedali inazama taratibu chini ya kiatu chake.

Maana yake ni hii. Pedali laini huonyesha upepo. Pedali inayoenda chini, kisha ikapanda inapopigwa mara mbili au tatu, mara nyingi huonyesha viatu vilivyo mbali na ngoma. Lakini pedali inayozama polepole inaposhikiliwa huonyesha kwamba mafuta yanavuja. Ikiwa hakuna unyevu wowote nje, basi mpira uliomo ndani ya masta silinda umechakaa, na mafuta yanaupita na kurudi kikoponi. Ugonjwa huo hauonekani kwa macho. Mguu peke yake ndio unaoutambua. Kutoa upepo hakuuponyi.

Tena magari mengi ya kabla ya mwaka 1967 yana njia moja tu ya mafuta. Magari ya baadaye yalitengenezwa na njia mbili, ili moja ikishindwa, nyingine isaidie. Katika gari la njia moja, mpira mmoja ukishindwa, magurudumu yote manne hukosa breki kwa mara moja, ikabaki breki ya mkono tu.

Sajini amesimama akilitazama gari lake lililooshwa kwa ajili ya harusi. Ndugu wote wanajua kwamba atafika nalo. Mkewe amekwisha kushuka.

“Tutapanda basi,” anasema mkewe.

“Tutapanda basi,” anajibu sajini, naye anafunga boneti.

Jumatatu mpira mpya utanunuliwa, masta silinda itafunguliwa na kusafishwa, na upepo utatolewa tena kuanzia gurudumu la nyuma kushoto. Kibao kitawekwa, na mguu ule ule utakuwa juu ya pedali. Kila mwenye gari la zamani, awe askari au raia, na afanye kipimo hicho kabla ya safari: akanyage, ashikilie, ahesabu mpaka 30. Na mtu aliyeshika pedali akisema kwamba inashuka, asikilizwe, kama vile mlinzi wa zamu anavyosikilizwa aonapo kitu gizani.