Sahani 8 au sahani 12: hesabu ya asilimia 10 ya halmashauri

Alfajiri, pembezoni mwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mwananyamala, masufuria yameshabandikwa. Tumchukue mama lishe mmoja wa mfano, ambaye kila sahani ya wali maharage inamwachia faida ya shilingi 400. Akikopa milioni 1 isiyo na riba na kutakiwa kuirejesha kwa miezi 12, atalipa shilingi 83,333 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26 za kazi: 3,205 kwa siku, yaani faida ya sahani 8.

Milioni hiyo hiyo aichukue kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa watoa huduma ndogo za fedha, ikokotolewe kwenye mkopo wote wa mwanzo. Sasa kila siku anatoa 4,551, na itabidi auze sahani 12 kabla hajaanza kuhesabu senti yake. Na hapo hatujawagusa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wasioujali ukomo wa Benki Kuu. Ukichelewesha rejesho, mtungi wa gesi unapakiwa kwenye bajaji mbele ya wateja.

Sahani hizo 4 za tofauti ndizo zawadi halisi ya halmashauri. Tangu marekebisho ya mwaka 2018, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kifungu cha 37A, inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukiondoa yale yaliyolindwa, kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa hiyo kila bilioni 1 inayokusanywa kwenye leseni na ushuru wa huduma inazaa milioni 100. Vikundi 20 vya watu watano watano, kila kikundi milioni 5. Watu 100.

Watu 100 kati ya wangapi? Sensa ya 2022 iliikuta Manispaa ya Kinondoni na watu 982,328. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka umaskini wa mahitaji ya msingi Dar es Salaam kwenye asilimia 8, wakati taifa zima lilikuwa asilimia 26.4. Tukikopa asilimia hiyo 8 kwa makadirio tu, Kinondoni ina maskini takriban 78,600. Na kipimo chenyewe ni kikali: shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, sawa na 1,644 kwa siku. Kwa nauli zilizopangwa mwishoni mwa 2023, daladala ya masafa mafupi ilikuwa 600. Kwenda na kurudi, 1,200 imekwenda. Anayebakiwa na 444 za kula na kulala asingehesabiwa maskini kwa kipimo hicho cha 2017/18.

Tuseme nusu yao ni watu wazima, na kila mmoja anapewa milioni 1. Hiyo ni bilioni 39, na ili asilimia 10 itoe bilioni 39, manispaa ikusanye bilioni 390. Haitakaa iwezekane kwa mkupuo mmoja.

Ila mkopo si ruzuku, unarudi. Hapa ndipo hesabu inaponoga. Weka milioni 100 mpya kila mwaka, na kila kilichorejeshwa kikopeshwe tena. Marejesho yakiwa asilimia 90, mwaka wa 10 mfuko unakopesha milioni 651. Yakiwa asilimia 60, mwaka huo huo unakopesha milioni 249, na hata ukingoja miaka 50 hautavuka 250. Bajeti ni ile ile, madiwani ni wale wale, lakini mikopo ya watu 400 ya mwaka huo imeishia mifukoni mwa waliokopa wakahama mtaa, au mwa vikundi vilivyoishi kwenye makaratasi tu. Si hofu ya kubuni: Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hii nchi nzima baada ya ukaguzi kukuta vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mama lishe aliyekuwa akirejesha kwa wakati naye alikaa nje ya foleni muda wote huo.

Liko jambo jingine ambalo asilimia haiwezi kulionyesha. Kikundi kinataka katiba, akaunti ya benki, andiko la mradi, muhtasari wa kikao, kitambulisho cha taifa. Zaidi ya hayo kinataka wenzio wanne walio tayari kulipa deni lako ukikwama. Nani atamchagua mpangaji aliyefika mtaa wa Kisiwani, Mwananyamala, mwezi uliopita, au bibi anayelea wajukuu bila biashara? Wanakikundi wanachaguana wenye meza tayari. Hawana kosa, maana deni ni la wote. Watu wenye ulemavu walilegezewa, wawili wanatosha, hata mmoja inapobidi. Kwa yule bibi, mlango wake ni msaada wa TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, nao si mkopo. Kumpeleka dirisha la mikopo ni kumwongezea deni.

Basi ukiwa mkazi wa Mwananyamala, usiishie kuuliza mwaka huu zimetoka milioni ngapi. Kwenye mkutano wa mtaa nyoosha mkono, mwulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata: za mwaka jana zimerudi ngapi, na orodha ya vikundi imebandikwa wapi?