Mwangwi wa Milima ya Uvira

Mji wa Uvira umebanwa kwenye ukanda mwembamba wa ardhi, milima ya Mitumba ikiwa magharibi na ziwa Tanganyika mashariki, na umbo hilo la nchi huamua kwa kiasi kikubwa kwa nini picha hufika upesi kwenye simu mahali pamoja, na hatua chache mbele rezo, yaani mtandao, ikalegea. Wimbi la redio halifiki kwenye simu kwa njia moja: sehemu yake huja moja kwa moja kutoka mnarani, nyingine hugonga mteremko na kurudi, nyingine huakisiwa na maji, nayo simu hupokea mchanganyiko wa wimbi na miangwi yake.

Chukuliwe mfano wa simu iliyoko Kalundu, bandarini, mnara ukiwa mbele yake na jabali mita 150 nyuma yake. Mwangwi husafiri mita 300 zaidi, hivyo huchelewa kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Katika masafa fulani wimbi na mwangwi hupanda pamoja na kuongezeana nguvu, lakini katika mengine moja hupanda wakati jingine linashuka, yakafutana na kuacha shimo. Na mashimo ya namna hiyo hujirudia kila baada ya megahezi 1.

Mwaka 1966 Robert W. Chang wa Bell Labs, Marekani, alieleza njia ya kuigawa data kwenye mawimbi mengi membamba yanayokwenda sambamba bila kuingiliana, ambayo hapa yataitwa vibebaji vidogo. Mkondo wa 4G wenye upana wa megahezi 20 una vibebaji 1,200 vinavyoachana kwa kilohezi 15, kwa hiyo kati ya shimo na shimo pale Kalundu huingia vibebaji 66 hivi, vingine vikiwa na nguvu tele na vingine vikiwa hoi.

Hapo ndipo linapozuka suala la moduleshani, yaani namna ya kubadili ukubwa na awamu ya wimbi ili libebe habari. Moduleshani yenye alama 4 hubeba biti 2 kwa mpigo, ya alama 16 biti 4, na ya alama 64 biti 6. Lakini kadiri alama zinavyosongamana, ndivyo kelele kidogo inavyotosha kuzichanganya. Claude Shannon alionyesha mwaka 1949 kwamba nguvu ya kurusha yafaa igawanywe kama maji yanayojaza bonde lenye sakafu isiyo sawa, na mtu aliyezaliwa kando ya Tanganyika hahitaji mchoro ili kulielewa hilo: penye kina, yaani penye kelele hafifu, maji huwa mengi na kibebaji hupewa biti nyingi, ilhali mwamba uliochomoza juu ya maji haupewi kitu.

Intaneti ya ADSL, inayopita kwenye nyaya za shaba za simu, huifuata kanuni hiyo karibu kikamilifu, kila kibebaji kikipewa idadi yake ya biti, kwa sababu waya hubadilika polepole. Hewani mambo ni tofauti, kwani kuripoti hali ya vibebaji 1,200 kila mara kungekula nafasi ya data yenyewe. Kwa hiyo 4G huvifunga vibebaji 12 pamoja, simu hupeleka makadirio mafupi ya hali ya njia, na mnara humpa kila mtumiaji mafungu yanayomfaa, fungu la data likitumia moduleshani moja kwenye vibebaji vyake vyote huku msimbo wa kusahihisha makosa ukiokoa biti zilizotumbukia shimoni. Anayeona huo ni uvivu wa wahandisi hajapima kasi ya mabadiliko: katika masafa ya megahezi 1,800, ambako wimbi lina urefu wa sentimita 17 hivi, mchuuzi wa ndagala pale Kalundu akisogeza simu yake sentimita 4 tu kuelekea jabalini, kibebaji kilichokuwa na nguvu kuliko vyote hujikuta ndani ya shimo.